Tundu la Msumari na Jina la Binti wa Luhende

Kaeni vizuri. Mwenye ubishi aubane kwapani kwanza, maana mwishoni utahitajika. Mwenye usingizi aende zake, hadithi hii haina mahali pa kulaza kichwa.

Palikuwa na watu watatu ambao Mungu alipowagawia hakupima kwa kijiko. Alimimina.

Wa kwanza ni Nesi Kalekwa wa zahanati ya Nsenkanda, kijiji cha warina asali kilichojificha ndani ya pori la miombo huko Unyamwezi, mahali ambapo hata jua likifika huwa limeshachoka. Mama huyu alipewa masikio. Bungua likitafuna uwele kwenye ghala la jirani, yeye alilisikia na akajua limebakiza kiasi gani. Walevi wakipita nje kwake walivua viatu na kunyata, na bado asubuhi alimwambia kila mmoja kanywa vikombe vingapi, kwa namna pombe ilivyokuwa ikicheza tumboni. Alikuwa na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Manesi wengine hukiweka juu ya ngozi. Kalekwa alikiweka juu ya kanga tatu na blanketi, na akakwambia mtoto ana kwikwi.

Wa pili ni Kashindye, dereva wa pikapu, gari pekee la kijiji hicho. Huyu alipewa mikono. Nati aliyoikaza kwa vidole ilitaka wanaume watatu na bomba la chuma kuilegeza. Siku moja alimsalimia bwana misitu kwa furaha, na bwana misitu yule akala kwa mkono wa kushoto mpaka masika yakaisha. Lakini mikono hiyohiyo ikitaka kuwa laini, ilitunga uzi kwenye sindano huku gari likirukaruka mashimoni.

Wa tatu ni Mwinyimvua, Mzaramo wa Kisarawe, aliyezungusha kanga na masufuria kwa baiskeli pori zima. Yeye alipewa kifua. Aliendesha baiskeli kupanda mlima huku akipiga mluzi, na mluzi haukukatika. Akipiga chafya upande huu wa pori, kuku wa upande ule walikimbilia bandani wakidhani mvua imefika. Mama mwenye kuni mbichi hakuhangaika, alimsubiri Mwinyimvua apite, apulize mara moja, na chakula kiive.

Halafu alikuwepo Luhende, ambaye hakumiminiwa kitu. Mrina asali kama warina wengine, mikono ya kawaida, masikio ya kawaida. Alichokuwa nacho ni mke, Nyamizi, na miaka kumi na mmoja ya kungojea mtoto. Mwaka wa kumi na mmoja, Nyamizi akashika mimba. Luhende akawa anatembea kijijini kwa kunyata, kana kwamba akikanyaga kwa nguvu mimba itaanguka.

Sasa siku ikafika. Uchungu ulianza jana yake mchana, ukakesha, ukapambazuka. Alfajiri hiyo lori la mbao lilipita kijijini likielekea mjini, na Luhende akataka kumpakia mkewe. Nesi Kalekwa akamzuia. Alisema moyo wa mtoto unapiga vizuri kama mchi kinuni, atazaliwa hapahapa, ya nini kumtikisa mama wa watu juu ya mbao. Lori likaenda. Jua lilipofika juu ya mapaa, Kalekwa akaweka tena kipembe chake, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, na uso wake ukabadilika. Mtoto alikuwa amejipinda, amelala amekingama. Masikio yake yalisikia moyo, lakini moyo hausemi umelala upande gani. Hapo pakawa hakuna la zahanati tena, ni hospitali ya mjini, ni kisu cha daktari, na ni leo hii.

Kashindye akaleta pikapu. Wakatandika magodoro mawili na majani mabichi nyuma, Nyamizi akalazwa, Kalekwa akakaa kichwani kwake na kipembe mkononi, Luhende akakaa miguuni. Gari likaondoka kwa mwendo ambao miti ya njiani bado imeinama mpaka leo.

Walienda saa moja. Walienda saa mbili. Mbung'o wa pori lile, wakubwa kama vifaranga, walilikimbiza gari mpaka wakachoka wakarudi makwao. Katikati kabisa, mahali ambapo simu ni kioo cha kujitazamia tu, pikapu ikaanza kuinama upande wa kulia nyuma, polepole, kama mtu anayesinzia. Kashindye akasimama, akashuka, akatazama tairi. Limelala nusu.

Luhende akamuuliza spea iko wapi.

Kashindye akatazama miti. Halafu akatazama viatu vyake. "Iko juu ya pipa," alisema.

Pale Nsenkanda kila mtu angeelewa, ila ninyi hamtoki huko. Msimu wa kurina, asali hujazwa mapipani, na nyuki wa pori zima hurudi kuiba kilicho chao. Mfuniko usipogandamizwa kwa kitu kizito, asubuhi unakuta pipa tupu na nyuki wamelewa. Wengine huweka jiwe. Kashindye, kwa akili zake, aliona spea ni nzito kuliko jiwe na ni duara kama mfuniko. Ikakaa pale, ikapendeza, akaisahau. Spea ikabaki nyumbani inalinda asali, na wao wako porini na mke wa mtu.

Luhende alipanda nyuma akamtazama Nyamizi, ambaye alikuwa ameuma ncha ya kanga, jasho likimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka. Nyamizi akaitema kanga. "Luhende," alisema, "usije ukafa kwa woga kabla yangu. Nitakucheka." Halafu uchungu ukaja, akaiuma tena.

Wakamshusha na magodoro yake wakamlaza kwenye kivuli cha mninga. Kashindye akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kikebe cha bati. Kijiji kizima kilikijua kikebe hicho, kilikuwa kichekesho. Alikinunua mjini kwa mchuuzi aliyemwambia kuwa kwa vifaa hivi mtu anaziba pancha mwenyewe, popote, bila kulivua tairi kwenye rimu, bila fundi. Ndani mlikuwa na tupa ya duara yenye mpini, sindano nene ya chuma yenye tundu, tambi tano za mpira mweusi, na kijibomba cha gundi. Watu walimuuliza kama ile sindano ni ya kumshonea tembo suruali. Na Kashindye naye, kwa sababu pancha ilichelewa kuja, alizitumia tambi kuzibia mambo mengine: moja kwenye buti lake la mvua, moja kwenye pipa la maji la shule, mbili kwenye tenki la mafuta la mashine ya kusaga. Sasa imebaki moja. Moja tu, ukikosea umemaliza.

Lakini utaziba nini, kama hujui tundu liko wapi?

Tairi lote lilikuwa limepakwa tope jekundu lililokauka, na kila mfereji wake umebana mawe kama meno. Kwa kawaida unamwagia maji ya sabuni, unatazama povu linachemka wapi. Sabuni hawakuwa nayo. Maji yalikuwa kidumu kimoja, na hayo yalikuwa ya Nyamizi. Kashindye akajaribu kutema mate, mate hayakutoka. Luhende akajaribu, likatoka vumbi.

Nesi Kalekwa akainuka kutoka kivulini. Akaja na kipembe chake, akapiga magoti mbele ya tairi kama anavyopiga mbele ya mzazi. Akawaambia wanaume waache kupumua, wakaacha. Nyenje walikuwa wanalia juu ya miti, pori zima linawasha masikio kwa sauti yao. Kalekwa akageuza uso juu, akawatazama tu. Nyenje wakanyamaza. Kwanza mti ule, halafu wa pili yake, halafu kimya kikaenda kikienea mpaka mpakani mwa wilaya. Luhende alisikia damu yake mwenyewe ikitembea.

Kalekwa akaweka kipembe kwenye tairi, akaweka sikio. Akasogeza. Akaweka tena. Alilipapasa tairi lile kama tumbo, huku kwenye bega, huku kwenye kiuno, na kila baada ya kuweka mara tatu alirudi kivulini, akakiweka kwenye tumbo la Nyamizi, akasikiliza, akaja tena. Luhende alimtazama akienda na kurudi mpaka nywele za shingoni zikamsimama, maana alielewa anachokifanya. Anapima pumzi mbili, ya mtoto na ya tairi, na zote mbili zinaisha kwa mwendo mmoja.

Mara akasimama mahali pamoja. Akaweka kidole, wala hakukiondoa.

"Yuko hapa," alisema. "Anapumua kwa shida."

Kashindye akabandua tope mahali pale kwa kisu cha kurinia. Chini ya tope, chini ya jiwe dogo, kichwa cha msumari kikang'aa kama jicho la panya. Akakibana kwa koleo akauvuta, na upepo ukatoka nyuma yake kwa mlio mwembamba. Shingoni mwa msumari palikuwa na kipande cha bati chekundu kilichochanika, cha kizibo cha soda. Luhende akautia mfukoni bila kuwaza.

Hapo ikawa zamu ya mikono.

Kashindye hakuanza kwa kuziba. Alichukua ile tupa ya duara akaichomeka kwenye tundu, akaanza kuisukuma na kuivuta, ndani nje, ndani nje, anakwangua. Luhende alimshika bega akamuuliza ana wazimu gani, tundu tunalo, yeye analiongeza. Kashindye bila kugeuka akamwambia kuwa tundu la msumari ni chafu na jembamba, halishiki kitu. Lazima ulipanue na kulikwaruza kwanza, ndipo likubali kuzibwa. Upepo uliobaki ukatoka wote. Tairi likalala chini kabisa, rimu ikagusa ardhi.

Kashindye akauchukua utambi wa mwisho, akautunga kwenye tundu la sindano mpaka nusu, ncha mbili zikining'inia. Akafungua gundi. Gundi ilikuwa imekauka kuwa jiwe. Aliiminya, na kwa mikono ile, kijibomba kikapasuka na gundi ikatoka kama kokoto, ikaruka, ikatoboa jani.

Luhende akapekua mkoba wake wa kurinia. Alikuwa na donge la ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga, aliyokuwa anaitafuna kutuliza jino linalouma. Akaitafuna ikalainika, akampa. Kashindye akaunusa ule weusi, akaupaka utambi wote mpaka ukang'aa. Akasema nyuki ni fundi kuliko kiwanda.

Halafu akaweka ncha ya sindano kwenye tundu, akaweka viganja viwili juu ya mpini, akaegemea. Kwanza hakuna kitu. Mishipa ya shingo ikamtoka, minene kama mizizi ya mninga. Miguu yake ikaanza kuzama ardhini, mpaka vifundoni, na mashimo yale yapo, sungura wameshazalia humo mara mbili. Pikapu yenyewe ikaanza kurudi nyuma ikiwa na breki. Sindano ikaingia taratibu, na utambi ukaingia nayo, mpaka vikabaki nje vimkia viwili kama masharubu ya kambare. Hapo mtu mwenye nguvu tupu angeharibu, angeuzamisha wote. Kashindye akasimama palepale. Akapumua mara moja. Akaivuta sindano kwa ghafla, tap, kama anayeng'oa mwiba kwa mtoto, na sindano ikatoka yenyewe, utambi ukabaki ndani umejikunja, umekaba. Akakata vimkia kwa kisu.

Luhende akapitisha kidole pale. Palikuwa laini, kana kwamba msumari haujawahi kuzaliwa duniani. Akasahau kidogo shida yake kwa kushangaa.

Halafu akakumbuka. Tairi limezibwa, lakini halina upepo hata wa kupuliza mshumaa. Na pampu Kashindye hakuwa nayo, alizoea kujazwa upepo mjini kwa mashine.

Wakakaa. Kalekwa akaweka kipembe kwa Nyamizi, akasikiliza, akasema moyo unapiga bado, ila unapiga kama mtu anayegonga mlango akiwa amekata tamaa ya kufunguliwa. Luhende akaenda kwenye tairi, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye valvu, akapuliza. Alipuliza mpaka akaona nyota mchana. Tairi halikujua hata kama kuna mtu.

Ndipo wakasikia mluzi.

Mwinyimvua alikuwa akitokea kambi za warina, alikokwenda jana kwa njia hiyohiyo, baiskeli yake ya magurudumu manene imebeba sanduku la mbao refu kuliko yeye. Alipowaona akashuka, akaegemeza baiskeli. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani akikukuta na shida lazima akutanie kwanza, asipokutania ni matusi.

"Wanyamwezi," alisema, "mabega yenu yamebeba mizigo ya dunia mpaka pwani. Leo kigari kimoja kimewashinda, mnakiombea dua?"

Luhende hakuwa na nguvu za utani, lakini desturi ni desturi. Alimjibu kuwa Mzaramo huonekana porini siku ambayo kwao hakuna ngoma. Kule kivulini Nyamizi akacheka, kicheko kikageuka kuwa mlio, na Mwinyimvua akageuza kichwa, akaona ni nini. Uso wake ukabadilika. Alifungua pampu kwenye baiskeli mbio, huku mdomo wake, kwa mazoea, ukiendelea kutania kuwa akilijaza tairi hili basi kitakachozaliwa ni chake.

"Chukua," Luhende alisema. "Chukua chochote, mtani. Jaza."

Kichwa cha pampu kikakubali valvu ya gari. Ilikuwa pampu ya baiskeli, nyembamba kama mua, na tairi la pikapu ni tumbo la ng'ombe. Mwinyimvua akaanza. Mia ya kwanza alipiga mluzi. Mia tano, tairi halijajua. Elfu moja, rimu ikaachana na ardhi kwa unene wa ukucha. Pampu ikapata moto ikawa haishikiki, akaizungushia kanga mpya kutoka sandukuni, kanga ikaungua, akazungushia ya pili. Kashindye alitaka kumpokea, akapiga mara nne na pampu ikaanza kulia inataka kupinda, ikabidi amrudishie. Mikono ile haikuumbwa kwa pampu hiyo. Ilitakiwa pumzi, siyo nguvu. Mwinyimvua akaendelea. Elfu mbili. Elfu tatu. Shati lilimchanika mgongoni kwa jinsi kifua kilivyokuwa kikipanuka, na kila alipovuta pumzi majani ya karibu yalimwelekea. Pikapu ikainuka kama ngamia anayeamka, kwanza bega, halafu kiuno. Elfu nne mia saba na kumi na mbili, akaachia, akaanguka chali, macho meupe.

Kalekwa akaweka kipembe kwenye tundu lililozibwa. Wote wakangoja. "Kimya," alisema. Akaenda kukiweka kwa Nyamizi, wakangoja tena, na huko ndiko Luhende alikokuwa anasikiliza kwa mwili mzima. "Upo," alisema. "Pakieni."

Wakati wa kulipakia lile sanduku la Mwinyimvua, naye akipanda nalo, Luhende akaona lilivyopigwa misumari, kila msumari una kizibo chekundu cha soda chini ya kichwa ili usipenye mbao. Mahali pamoja kizibo hakipo na msumari haupo. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule wake, akauangalia. Msumari ulichomoka jana ukadondoka, kizibo kikaufanya ukae njiani wima, umesimama kama unangoja mtu. Mwinyimvua aliuona mkononi mwake. Wakatazamana. Hakuna aliyetania.

Walifika mjini tairi limesimama kama ngoma. Nyamizi akaingizwa moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji, na jua halijagusa miti akatolewa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuvunja vioo, na mama yake mzima. Daktari alimwambia Luhende kuwa wangechelewa kwa muda wa kuchemsha chai tu, angemkabidhi wawili waliofunikwa. Luhende akaegemea ukuta wa hospitali, akateleza nao mpaka chini.

Sasa mtoto ametimiza arobaini, mama katoka nje, na hapa ndipo penye kazi.

Katika ukoo wa Luhende, mtoto aliyeponea njiani hupewa jina la mtu aliyemfikisha. Jina moja, hutamkwa mara moja, na halibadilishwi. Wala halijali mume au mke. Shangazi yake Luhende, bibi wa miaka themanini, anaitwa Masanja, jina la mwanamume aliyemvusha mama yake mto uliofurika. Mwenye jina anakuwa somo wa mtoto. Sega la kwanza la kila msimu ni lake. Mtoto akiugua yeye huitwa kwanza. Na siku somo akifa, mtoto huyo ndiye hutupa udongo wa kwanza, hata kama marehemu hakuacha mtu mwingine duniani.

Wote watatu walikuja, wamevaa vizuri, na wote watatu walikuwa wanalitaka.

Nesi Kalekwa aliongea kwa upole. Alisema amezalisha watoto mia nne na hamsini pale Nsenkanda, wameitwa majina ya mvua, ya njaa, ya redio, lakini hakuna Kalekwa hata mmoja. Bila sikio lake, alisema, wangekuwa wanaziba mawe mpaka leo. Kashindye akamjibu, kwa heshima lakini akamjibu, kuwa ni sikio hilohilo lililoliacha lori la mbao liende.

Kashindye akasema yeye hana mtoto na hatapata, ameambiwa hivyo na waganga wa aina zote, na jina lake litafukiwa pamoja naye. Kujua tundu liko wapi bila kuliziba ni umbea tu, alisema, Kalekwa alijua na yeye akaliziba, kwa utambi mmoja, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kalekwa akamuuliza kama spea inaendelea vizuri kule juu ya pipa.

Mwinyimvua alikuwa hatanii siku hiyo. Alisema tairi lililozibwa lisilo na upepo ni mpira wa kukatia viatu vya katambuga tu, halimfikishi mtu hospitali. Alisema ameahidiwa, Luhende alitamka kwa mdomo wake, chukua. Watu wakamwambia hayo yalikuwa maneno ya utani, na ya utani hayashiki. Akasema anajua. Halafu akasema kwa sauti ndogo kuwa ana miaka ishirini barabarani, na akidondoka kesho na baiskeli yake, watakaomwokota watamwita Yule Mzaramo, maana hakuna anayelijua jina lake upande wote huu. Mzee mmoja akataja msumari. Mwinyimvua akainamisha kichwa, akasema msumari ni wake, haukatai, na pumzi nazo ni zake.

Luhende akamgeukia mkewe. Nyamizi alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Alisema yeye akiruhusiwa atamwita majina yote matatu kila asubuhi, basi mtoto atajua mwenyewe aitikie lipi. Shangazi Masanja akakataa. Akasema jina siyo nyama ya kukatwa vipande, na baba ndiye hutamka.

Luhende akasimama. Kila alipomtazama mmoja, aliona tairi linainuka. Akimwondoa yeyote kati yao, linalala tena, na mkewe amelala nalo. Na kila mmoja wao, akitazama vizuri, ndiye pia aliyelilaza.

Shangazi Masanja ameshika kata ya maji juu ya kichwa cha mtoto. Mkono wa bibi wa miaka themanini umeanza kutetemeka, tone la kwanza limeshaanguka, na mtoto amefumbua macho anangoja kuitwa.

Haya, ubishi mliobana kwapani utoeni. Mdomo wa Luhende umefunguka. Wewe ungetamka jina la nani?